Kidole Kinachofungua Kompyuta: Manufaa Yake, Mipaka Yake na Haki za Mwananchi

Huduma nyingi ambazo mkazi wa kata huzifuata ofisini leo hupitia katika kompyuta. Maombi ya leseni ya biashara, malipo ya ushuru, orodha za vikundi vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 na usajili wa watoto ni mambo ambayo, kwa sehemu kubwa, yamelihama daftari la jalada gumu na kuingia katika mifumo ya kielektroniki. Mabadiliko hayo yameleta wepesi mkubwa. Hata hivyo, daftari lilikuwa na sifa moja ambayo kompyuta haina, nayo ni mwandiko. Aliyebadili tarakimu katika daftari aliacha mkono wake ukurasani, na wenzake waliweza kuutambua. Katika kompyuta herufi zote hufanana. Kinachomtambulisha aliyeandika ni jina la mtumiaji aliloingilia, pamoja na neno la siri linalolinda jina hilo.

Hapo ndipo penye udhaifu, kwa kuwa neno la siri huazimika. Mtumishi anayekwenda likizo humwachia mwenzake ili kazi isisimame. Anayechelewa kikaoni hulitaja kwa simu. Mwingine, kwa kuhofia kulisahau, huliandika kwenye karatasi na kulibandika pembeni ya kioo, mahali ambapo kila anayesubiri huduma anaweza kulisoma. Siku kumbukumbu ya malipo ya mkazi ikionekana imefutwa au imebadilishwa, hakuna awezaye kusema kwa yakini ni nani aliyeketi mbele ya kompyuta saa hiyo. Mwenye jina atakana, aliyeazimwa atakana, na hasara itabaki kwa mkazi aliyeshika risiti isiyolingana na kilichomo mfumoni.

Miongoni mwa njia za kupunguza tatizo hilo ni kifaa kidogo cha kusoma alama za vidole, kinachochomekwa kwenye kompyuta ili mtumiaji afungue kwa kidole chake. Makala haya yanaeleza kifaa hicho ni nini, hufanyaje kazi, hufungwa vipi, kina mipaka gani, na mwananchi ana haki gani pale kidole chake mwenyewe kinapohitajika. Maelezo haya yatawafaa pia wenye maduka, walimu na viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa ambao huhifadhi hesabu zao katika kompyuta.

Kutoka dole gumba hadi kisomaji

Matumizi ya kidole kama sahihi si jambo geni. Wazee wengi waliotia saini hati za mauziano ya mashamba waliweka dole gumba lililopakwa wino. Mwaka 1858, huko Bengal nchini India, ofisa wa Kiingereza aliyeitwa William Herschel alimtaka mkandarasi mmoja aweke alama ya kiganja chake kwenye mkataba, ili baadaye asije akaukana. Mwaka 1892 mwanasayansi Francis Galton wa Uingereza alichapa kitabu kilichoeleza kwa kina namna alama hizo zinavyotofautiana kati ya mtu na mtu na zinavyodumu tangu utoto hadi uzee. Mistari hiyo hujengeka mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, na hata mapacha wa kufanana hawana alama zilizo sawa.

Hapa nchini, wananchi wengi walikutana na visomaji vya kielektroniki katika uandikishaji wa wapiga kura wa mwaka 2015, katika usajili wa Kitambulisho cha Taifa, na katika usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulioanza tarehe 1 Mei 2019. Ni muhimu kutenganisha shughuli hizo na kifaa kinachozungumzwa hapa. Katika usajili wa laini, alama ya mwananchi husafirishwa kwa mtandao na kulinganishwa na kumbukumbu zilizoko NIDA. Katika kufungua kompyuta, alama inayosomwa ni ya mtumiaji wa kompyuta hiyo peke yake, na ulinganishaji huanza na kuishia ndani ya mashine iliyo mezani. Ndiyo sababu kifaa hiki hufanya kazi hata pale intaneti inapokatika.

Namna kinavyosoma

Kwa umbo, kisomaji cha kuchomeka huwa cha namna mbili. Kipo kidogo mno, kinachokaribia kuzama chote katika tundu la USB na kuacha sehemu ndogo ya kugusa. Kipo pia chenye waya, kinachowekwa juu ya meza karibu na mkono. Vyote viwili hupata umeme kutoka kwenye kompyuta yenyewe, hivyo havihitaji betri wala soketi ya ukutani.

Ndani yake, usomaji hufanyika kwa njia kuu mbili. Visomaji vya mwanga humulika kidole kilichokandamizwa kwenye kioo, kisha kamera ndogo hupiga picha yake. Visomaji vya umeme, ambavyo ndivyo vingi miongoni mwa vile vidogo, huwa na vigae vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na kila kigae hupima chaji ya umeme ya ngozi iliyo juu yake. Penye tuta la ngozi kipimo huwa tofauti na penye bonde. Kwa kuunganisha vipimo vya vigae vyote, kifaa hupata taswira ya mistari ya kidole.

Taswira hiyo haitumiki kama picha inavyotumika. Programu hutafuta ndani yake sehemu za pekee, hasa pale mstari unapokoma na pale unapogawanyika mithili ya njia panda, kisha huandika mahali zilipo na mwelekeo wake. Orodha hiyo ya vipimo ndiyo kiolezo cha kidole. Kila mtumiaji anapogusa kifaa, kiolezo kipya hutengenezwa na kulinganishwa na kile kilichohifadhiwa siku ya kwanza.

Violezo viwili vya kidole kile kile havilingani kamwe kwa ukamilifu, kwa sababu kidole hukandamizwa kwa nguvu tofauti, kwa pembe tofauti, kikiwa kikavu au chenye jasho. Kwa hiyo programu huamua kwa kiwango: zikifanana kiasi fulani, mlango hufunguka. Kiwango kikilegezwa, upo uwezekano wa kumkubali asiyehusika. Kikikazwa, mwenyewe naye hukataliwa mara kwa mara. Kila kifaa cha namna hii, kiwe cha bei kubwa au ndogo, kimesimama mahali fulani kati ya makosa hayo mawili.

Kukifunga kwenye kompyuta

Kompyuta nyingi za ofisini hutumia Windows. Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2015, mfumo huo una huduma iitwayo Windows Hello, inayowezesha kuingia kwa kidole, kwa uso au kwa namba ya siri. Anayenunua kisomaji ahakikishe maelezo ya kwenye kasha yanataja kwamba kinakubaliana na Windows Hello. Vipo visomaji vingine, kama vile vinavyotumiwa na mawakala wa usajili, ambavyo vimetengenezwa kwa kazi nyingine na huenda visiweze kufungua kompyuta. Izingatiwe pia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyopokea tena marekebisho ya usalama haiponywi kwa kuchomekewa kisomaji.

Hatua za kukifunga ni hizi:

1. Kifaa kichomekwe kwenye tundu la USB kompyuta ikiwa imewaka na, ikiwezekana, ikiwa na intaneti. Aghalabu kompyuta hutafuta yenyewe programu ya kukiendesha. Isipoipata, programu hiyo ichukuliwe kutoka kwa mtengenezaji wa kifaa, wala si kutoka mahali popote pengine.

2. Mtumiaji afungue mipangilio ya kompyuta, aingie sehemu ya akaunti, kisha sehemu ya machaguo ya kuingia. Hapo ataona chaguo la alama za vidole.

3. Kama hana namba ya siri ya kompyuta hiyo, atatakiwa kuiweka kwanza. Hatua hii hairukwi. Kidole kikishindwa kusomeka, namba hiyo ndiyo itakayofungua.

4. Ataombwa kugusa kisomaji mara nyingi, akiinua kidole na kukirudisha. Ni vema abadilishe pembe kidogo kidogo, ncha na pande zote, ili kiolezo kiwe kamili.

5. Baada ya kidole cha kwanza, asajili cha pili kutoka mkono wa pili. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Siku kidole cha shahada kitakapokatwa na kisu au kufungwa bandeji, cha mkono wa pili kitaokoa kazi. Windows huruhusu hadi vidole 10 kwa mtumiaji mmoja.

6. Mwisho, afunge kompyuta kwa kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi L, kisha ajaribu kufungua kwa kidole.

Baadhi ya kompyuta mpya zenye Windows 11 huwa na ulinzi wa ziada unaokataa visomaji vya nje. Katika mashine hizo, kifaa huonekana kimefungwa vizuri lakini hakikubali kusajili kidole. Ruhusa ya kutumia kisomaji cha nje hupatikana katika sehemu ile ile ya machaguo ya kuingia. Hata hivyo, kwa kuwa kuiwasha ni kulegeza ulinzi mwingine, katika ofisi ya umma uamuzi huo uachiwe Kitengo cha TEHAMA.

Kinachohifadhiwa

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: kidole kikishasajiliwa, kinakwenda wapi? Kwa mujibu wa maelezo ya Microsoft, kampuni inayotengeneza Windows, kiolezo cha kidole hubaki ndani ya kompyuta husika kikiwa kimefichwa kwa usimbaji, hakipelekwi kwenye seva za kampuni, na hakihamii kwenye kompyuta nyingine ya mtumiaji yule yule. Mtumishi anayehamishiwa ofisi nyingine hana budi kujisajili upya huko aendako.

Jambo hilo lina matokeo mawili ya kiutendaji. La kwanza, kompyuta inapouzwa, inapogawiwa mtumishi mwingine au inapopelekwa kwa fundi, alama zilizomo zifutwe kwanza kupitia mipangilio ile ile iliyotumika kuziweka. Kuchomoa kisomaji peke yake hakufuti kiolezo kilichohifadhiwa kwenye kompyuta. La pili, kifaa hufungua kompyuta tu. Mifumo ya mapato, ya leseni au ya mishahara huwa na majina na maneno yake ya siri. Ikiwa mtumishi ameiruhusu programu ya kuperuzi imkumbukie maneno hayo, basi yeyote aliyeingia kwenye kompyuta ameingia pia kwenye mifumo hiyo, na kazi ya kulinda inabaki juu ya kidole kimoja na namba moja ya siri.

Mtu mmoja, akaunti moja

Wapo wanaodhani kwamba kisomaji kikishafungwa, tatizo la kuazimana limekwisha. Ukweli ni kwamba kifaa hakiondoi namba ya siri. Kinapunguza tu mara ambazo mtumiaji analazimika kuiandika mbele ya macho ya watu. Hilo ni jambo jema, kwa kuwa anayepiga tarakimu mara 20 kwa siku mbele ya foleni ya watu amezitangaza bila kusema neno. Lakini ajuaye namba ya siri bado anaweza kufungua kompyuta, na akishafungua anaweza kuongeza kidole chake mwenyewe katika akaunti ya mwenzake.

Hapo kifaa hugeuka kuwa pazia. Windows haiulizi kama vidole viwili vilivyosajiliwa katika akaunti moja ni vya mtu mmoja au vya watu wawili. Watumishi wawili wakisajili vidole vyao chini ya jina moja, kumbukumbu zitaonyesha jina hilo moja kwa kazi zote, na wachunguzi watakuwa pale pale walipokuwa wakati wa karatasi iliyobandikwa kwenye kioo. Tena hali itakuwa mbaya zaidi, maana sasa wataamini kwamba kidole hakidanganyi.

Kwa hiyo kanuni inayokipa kifaa hiki maana yake ni rahisi: kila mtumishi awe na akaunti yake, namba yake na vidole vyake. Anayekwenda likizo akabidhi kazi, asikabidhi namba. Anayeinuka kwenda kumtafutia mkazi jalada katika chumba kingine afunge kompyuta kwanza, hata kama atarudi baada ya dakika moja. Kompyuta iliyofunguliwa kwa kidole na kuachwa wazi haina tofauti na ile isiyo na ulinzi wowote. Anayeketi hapo na kuandika bila ruhusa anakumbana na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayoharamisha kuingia katika mfumo wa kompyuta pasipo idhini.

Vidole vinavyokataa kusomeka

Katika kata za wakulima na mafundi, tatizo la vidole visivyosomeka si la nadra. Mikono ya anayechanganya saruji, anayelima kwa jembe la mkono, anayevunja kokoto au anayefua kwa sabuni kali huchakaa, na matuta ya ngozi husawazika. Saruji mbichi huunguza ngozi. Uzee nao hupunguza unyumbufu wa ngozi na kuifanya kavu. Zipo pia dawa, ikiwamo capecitabine inayotumika kutibu baadhi ya saratani, ambazo zinaweza kufifisha alama za vidole kwa kipindi cha matibabu.

Mara nyingi hali hiyo ni ya muda. Mistari ya kidole ina mizizi katika tabaka la ndani la ngozi, hivyo ngozi ya juu iliyochubuka huota tena kwa mchoro ule ule. Kovu lililozama ndani ndilo linalobadilisha mchoro moja kwa moja. Anayekataliwa anaweza kujaribu yafuatayo: kunawa mikono na kuikausha vema, kupaka mafuta kidogo na kuyafuta pale ngozi inapokuwa kavu mno, kuchagua kidole kisichotumika sana kama cha pete au cha mwisho, na kufuta uso wa kisomaji kwa kitambaa laini kikavu. Ikiwa kiolezo kilisajiliwa msimu wa mvua na kinakataa wakati wa kiangazi, kusajili upya kidole hicho hicho husaidia.

La msingi ni kwamba kukataliwa na kifaa si ushahidi wa udanganyifu. Mtumishi asiye na vidole, au ambaye alama zake hazisomeki kabisa, anayo haki ya kuingia kwa namba ya siri na kufanya kazi yake. Hivyo hivyo, mwananchi ambaye kidole chake hakisomeki katika huduma nyingine yoyote astahili kuelezwa njia mbadala iliyopo, badala ya kurudishwa nyumbani kana kwamba amekosa.

Mipaka ya kifaa

Kidole ni ufunguo ambao mwenyewe hauachi nyumbani, lakini pia ni ufunguo anaouacha kila mahali. Alama hubaki kwenye glasi, kwenye kioo cha simu na kwenye kisomaji chenyewe. Mwaka 2002 mtafiti Tsutomu Matsumoto wa Japani na wenzake walitengeneza vidole bandia kwa jelatini, malighafi inayopatikana katika maduka ya vyakula, na vikakubaliwa na visomaji 11 walivyovijaribu.

Historia ya visomaji vya kuchomeka inatoa onyo jingine. Mwaka 2004 Microsoft ilitoa kisomaji chake cha USB kwa matumizi ya nyumbani, na yenyewe ikawatahadharisha wanunuzi wasikitumie kulinda taarifa nyeti kama za fedha. Mwaka 2006 mtafiti Mikko Kiviharju wa Finland alionyesha kwamba kifaa hicho kilipeleka picha ya kidole kwenye kompyuta bila kuificha, hivyo aliyeweza kusikiliza mawasiliano ya waya aliweza kuinasa. Vifaa vya sasa vimeboreshwa, lakini mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya Blackwing Intelligence, wakifanya kazi kwa ombi la Microsoft, walifanikiwa kuupita ulinzi wa kidole katika kompyuta tatu za kampuni kubwa zinazotajika. Udhaifu waliouona ulikuwa zaidi katika njia kati ya kisomaji na kompyuta kuliko katika kidole chenyewe.

Mashambulizi ya namna hiyo huhitaji ujuzi, muda na kuifikia mashine kwa mkono. Kwa ofisi ya kata, hatari ya kila siku ni ndogo kuliko ile ya neno la siri lililobandikwa ukutani. Hata hivyo yanafundisha kwamba kisomaji kisichojulikana kilikotoka, kilichonunuliwa kwa bei ya kutupa, kisiaminiwe na kompyuta yenye taarifa za watu.

Tofauti kubwa kati ya kidole na neno la siri huonekana siku ya wizi. Neno la siri lililovuja hubadilishwa kwa dakika chache. Kidole hakibadilishwi. Mwaka 2015 ofisi ya Serikali ya Marekani inayosimamia utumishi wa umma ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameiba alama za vidole za watu wapatao milioni 5.6. Watu hao hawana namna ya kupata vidole vingine. Ndiyo sababu mpangilio unaoweka kiolezo ndani ya kompyuta moja ni salama zaidi kuliko ule unaokusanya alama za watu wengi katika ghala moja, na ndiyo sababu taasisi isikusanye alama ambazo haizihitaji.

Haki za mwananchi

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za kibayometria, ambazo alama za vidole ni sehemu yake, katika kundi la taarifa binafsi nyeti. Kwa kawaida taarifa za kundi hilo hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika, isipokuwa pale sheria inaporuhusu vinginevyo. Mwananchi ana haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa madhumuni gani, ya kuzipata, na ya kuomba zirekebishwe pale zilipokosewa. Anayeona haki hiyo imevunjwa anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa kuzingatia sheria hiyo, mkazi anayeona kisomaji mezani kwa mtumishi akumbuke kwamba kifaa hicho kipo kwa ajili ya kidole cha mtumishi. Kufungua kompyuta ya ofisi hakuhitaji kidole cha mkazi hata mara moja. Akiombwa kuweka kidole, anayo haki ya kuuliza mambo matatu kabla ya kukubali: kidole kinahitajika kwa huduma gani, kitalinganishwa na kumbukumbu za taasisi ipi, na kama kitahifadhiwa. Mtumishi mwenye sababu halali atajibu bila kukasirika.

Tahadhari hiyo ina uzito pia nje ya ofisi. Wapo wananchi waliowahi kuambiwa na watu wanaojiita mawakala kwamba kidole hakijasoma, wabonyeze tena na tena, kisha baadaye wakagundua kuwa laini za simu wasizozijua zimesajiliwa kwa majina yao. Kila mwenye laini anaweza kupiga *106# kwenye simu yake na kuangalia namba zilizosajiliwa kwa Kitambulisho chake cha Taifa. Akikuta asiyoitambua, atoe taarifa kwa mtoa huduma wa mtandao huo bila kuchelewa. Wazee wasiosoma vizuri wasindikizwe na mtu wa familia wanapokwenda kuweka vidole.

Kwa upande wa huduma za Halmashauri, mkazi naye ana wajibu unaoipa nguvu kazi ya kisomaji. Atunze risiti na kumbukumbu namba ya kila malipo. Ahakikishe tarehe na kiasi vimeandikwa sawasawa kabla ya kuondoka dirishani. Asikubali kuhudumiwa na mtu asiye mtumishi aliyeketi mbele ya kompyuta ya ofisi, hata kama ni jamaa wa mtumishi anayefahamika mtaani. Kumbukumbu ya mfumo ikionyesha jina la aliyeshughulikia malipo, na mkazi akiwa na risiti yenye siku ile ile, ulinganishaji huwezekana na haki hupatikana.

Mkazi, mfanyabiashara au kiongozi wa kikundi anayetaka kufunga kifaa hiki kwenye kompyuta yake, au mwenye shaka kuhusu namna taarifa zake zilivyotumika katika ofisi ya umma, afike katika Ofisi ya Mtendaji wa Kata saa za kazi. Suala linalohitaji utaalamu zaidi hupelekwa katika Kitengo cha TEHAMA kilichopo makao makuu ya Halmashauri. Mwenye lalamiko la malipo afike na risiti yake halisi, na abaki na nakala.